Pasipoti ya Mtoto na Haki ya Kumsemea: Ulezi wa Kisheria Chini ya Karisimbi

Sheria za nchi nyingi za Afrika Mashariki hutenganisha mambo mawili ambayo katika maisha ya kila siku huonekana kuwa kitu kimoja, yaani kumlea mtoto na kuwa na mamlaka ya kumsemea. Anayemlea mtoto ndiye anayemlisha, anayemlipia shule na anayekesha naye akiugua. Mwenye mamlaka ya kumsemea ni yule ambaye sahihi yake hukubaliwa na serikali, hospitali, benki na mahakama mahali pa sahihi ya mtoto, ambaye kwa umri wake hawezi kujifunga kisheria. Katika nyumba walimo baba na mama, malezi na mamlaka hayo hukaa mikononi mwa watu walewale, kwa hiyo hakuna anayeiona tofauti. Tofauti hujitokeza pale mtoto anapolelewa na bibi, shangazi, kaka mkubwa au jirani, na mara nyingi hujitokeza kwa mara ya kwanza siku familia inapotaka kumwombea mtoto huyo pasipoti.

Mudende, tarafa ya wilaya ya Rubavu katika Jimbo la Magharibi la Rwanda, ni mahali panapofaa kulitazamia jambo hili, kwa kuwa historia yake imeyarundika pamoja karibu matatizo yote ambayo mlezi anaweza kukutana nayo. Ni nchi ya viazi na ng'ombe wa maziwa, yenye udongo mweusi wa volkeno na baridi inayoshuka kutoka Karisimbi, mlima wenye urefu wa mita 4,507. Mji wa Gisenyi na mpaka wa Goma viko chini yake, mwendo mfupi kwa gari. Watu wake wengi wana jamaa upande wa pili wa mpaka, wengine Kampala, wengine Brussels, na safari ya mtoto kwenda kusoma, kutibiwa au kukaa na ndugu haiwashangazi. Kinachowashangaza ni kwamba mtoto waliyemlea miaka kumi, ambaye jina lake limo katika bima ya afya ya kaya, ile inayoitwa mituweli, na ambaye mwalimu mkuu humwandikia mlezi barua kama mzazi wake, hawezi kuombewa pasipoti kwa ushahidi huo.

Ili kuelewa sababu, yafaa kwanza kuona pasipoti ya mtoto ni kitu gani. Kwa muda mrefu wa karne ya 20 watoto katika nchi nyingi walisafiri wakiwa wameandikwa ndani ya pasipoti ya mzazi, kwa jina na tarehe ya kuzaliwa, pengine bila hata picha. Mtindo huo ulikuwa rahisi kwa familia na rahisi vilevile kwa mtu mwenye nia mbaya, maana mtoto mmoja wa miaka mitano aliweza kuvushwa kwa jina la mwingine bila afisa wa mpaka kuwa na njia ya kumlinganisha. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ambalo kanuni zake za hati za kusafiria hufuatwa na karibu dunia nzima, likaweka kanuni ya pasipoti moja kwa mtu mmoja bila kujali umri, na Umoja wa Ulaya uliitekeleza kikamilifu tarehe 26 Juni 2012, siku ambayo majina ya watoto katika pasipoti za wazazi yalikoma kuwa na nguvu. Rwanda nayo ilipoanza kutoa pasipoti ya kielektroniki ya Afrika Mashariki mwishoni mwa Juni 2019, ilitangaza pasipoti ya mtoto peke yake, yenye ada ya faranga 25,000 na muda wa miaka miwili, wakati ile ya mtu mzima ya miaka mitano iligharimu faranga 75,000. Muda huo mfupi una maana yake, kwa sababu uso wa mtoto hubadilika haraka, na picha ya mwaka wa kwanza haimtambulishi anayeingia darasa la kwanza. Kwa mlezi, hata hivyo, maana yake nyingine ni kwamba uthibitisho wa ulezi wake unaweza kudaiwa tena na tena mtoto anapokua.

Mtoto anapopata pasipoti yake, serikali huwa imejibu maswali mawili kwa niaba yake: huyu ni nani, na ni nani mwenye haki ya kuruhusu atoke nchini. Swali la kwanza hujibiwa na cheti cha kuzaliwa na uraia. La pili ndilo linalomhusu mlezi, na nchini Rwanda lina ugumu ambao mgeni hautambui haraka. Mnyarwanda kwa desturi hapewi jina la ukoo. Kila mtoto anapozaliwa hupewa jina lake mwenyewe la Kinyarwanda, na kwa wengi jina la dini, kiasi kwamba baba, mama na watoto wanne waliozaliwa nyumba moja wanaweza kubeba majina sita yasiyofanana hata herufi. Kwao hilo halina shida, kwa kuwa undugu hujulikana kwa watu na hauhitaji kuandikwa katika jina. Mbele ya afisa wa uwanja wa ndege wa nchi ya mbali, aliyezoea kumtambua mtoto kwa jina la ukoo wa mzazi, majina hayo hayasemi chochote, na hata mama mzazi huweza kuulizwa karatasi. Mlezi asiye mzazi, ambaye jina lake halimo katika cheti cha kuzaliwa cha mtoto, hana kitu kingine cha kuonyesha isipokuwa hati ya ulezi.

Hati hiyo hutokana na sheria ya watu na familia. Rwanda iliitunga upya kwa Sheria namba 32/2016 ya tarehe 28 Agosti 2016, iliyochukua mahali pa kitabu cha kwanza cha sheria ya madai cha mwaka 1988, kisha ikaiandika tena kwa Sheria namba 71/2024 ya tarehe 26 Juni 2024. Msingi wake ni mamlaka ya mzazi, yaani jumla ya haki na wajibu ambao baba na mama wanao juu ya mtoto asiyefikia umri wa utu uzima, pamoja na haki ya kumwakilisha na kusimamia mali yake. Mmoja akifa, aliyebaki huendelea nayo peke yake. Wote wawili wakifa, au wakishindwa kabisa kuyatekeleza, ndipo ulezi wa kisheria huanzishwa, na mtu hukabidhiwa sehemu ya mamlaka hayo chini ya uangalizi. Hapo mila na sheria hukutana kwa namna ambayo watu wa Mudende wanaifahamu vizuri, maana baraza la familia, yaani kikao cha jamaa wa upande wa baba na wa mama, lina nafasi katika kumteua mlezi, kisha uteuzi huo hupelekwa kwa afisa wa hali ya kiraia wa tarafa, ile inayoitwa umurenge kwa Kinyarwanda, ili uandikwe na kutolewa cheti. Jamaa wakigombana, au mtu akimshuku mlezi, jambo huenda mahakamani.

Familia nyingi huketi kikao hicho. Huketi baada ya mazishi, wakagawana majukumu, wakakubaliana kwamba watoto wawili wakubwa watakwenda kwa shangazi na mdogo atabaki kwa bibi, na wakaondoka wakiamini kuwa kazi imekwisha. Hatua inayosahaulika ni ile ya kuyafikisha makubaliano hayo ofisini, na ni rahisi kuelewa kwa nini inasahaulika, kwa sababu siku hiyo hakuna mtu anayefikiria pasipoti, na kwa miaka mingi baadaye hakuna ofisi inayomdai bibi cheti cha ulezi. Kosa hilo la kuacha jambo likiwa maneno matupu hubaki limelala hadi siku ya haja, na siku hiyo baadhi ya waliohudhuria kikao huwa wamekufa au wamehama.

Wanazuoni wa sheria ya Kiislamu waliuona mgawanyiko huu zamani sana, na wasomaji wa pwani wanaujua kwa majina ya hadhana na uwalii. Hadhana ni malezi ya mwili na ya kila siku, ambayo kwa mtoto mdogo kwa kawaida hupewa mama na baada yake wanawake wa upande wake. Uwalii ni mamlaka juu ya nafsi na mali ya mtoto, ambayo kwa kawaida hukaa kwa baba na jamaa wa kiumeni au kwa wasii aliyeachiwa wosia. Bibi mzaa mama anaweza kuwa na hadhana kamili asiwe na uwalii hata kidogo. Zaidi ya hayo Uislamu una kafala, ahadi ya kumtunza mtoto wa mwingine bila kumbadilisha nasaba, ambayo Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unaitaja kwa jina katika ibara yake ya 20 pamoja na malezi ya kambo na kuasili. Waislamu wa Gisenyi, ambao Kiswahili ni lugha yao ya mjini tangu enzi ya Wajerumani, wanaweza kumkafili mtoto wa ndugu kwa mujibu wa dini yao, lakini Rwanda haina mahakama za kadhi kama zile za Zanzibar au Kenya, na ombi la pasipoti ya mtoto huyo litapimwa kwa sheria ileile ya taifa inayompima jirani yake Mwadventista.

Matatizo ya Mudende hayakuanzia ofisini. Sehemu hii, ambayo hadi mageuzi ya utawala ya miaka ya 2000 ilikuwa katika komini ya Mutura, ilikuwa na Chuo Kikuu cha Waadventista wa Afrika ya Kati, kilichoanza masomo mwaka 1984 na ambacho baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 dhidi ya Watutsi hakikurudi tena hapo, kikahamia Kigali. Mwezi Desemba 1994, katika shamba lake la maua huko Mugongo, Mmarekani Rosamond Carr, aliyekuwa ameishi Rwanda tangu miaka ya 1950, alifungua kituo cha kulelea yatima alichokiita Imbabazi. Novemba 1996, kambi za wakimbizi zilizokuwa karibu na Goma zilipovunjwa, mamia ya maelfu ya Wanyarwanda walirudi nchini kwa miguu kupitia Gisenyi ndani ya siku chache, na mashirika ya misaada yakawa yanaandikisha pembeni mwa barabara watoto waliopotezana na wazazi wao katika msafara huo. Wakati huohuo Mudende ilikuwa na kambi nyingine, ya Watutsi wa Kongo waliokimbia Masisi na Rutshuru. Kambi hiyo ilishambuliwa mara mbili na wapiganaji waliopenya kutoka Kongo, Agosti na Desemba 1997, mamia ya watu wakauawa, na walionusurika wakahamishiwa Gihembe karibu na Byumba.

Mtoto anayeombewa pasipoti leo amezaliwa miaka mingi baada ya matukio hayo, na msomaji ana haki ya kuuliza yanamhusu nini. Yanamhusu kwa njia ya mlezi wake. Bibi au mjomba anayetaka kuthibitisha undugu na mtoto sharti aupitishe kwa mzazi aliyekufa, yaani aonyeshe kwamba mama wa mtoto alikuwa binti yake au dada yake, na binti huyo pengine aliandikwa katika daftari la komini lililoharibika wakati wa vita, au hakuandikwa popote, au alilelewa yeye mwenyewe na watu waliomwokota njiani mwaka 1996 na ambao hawakuwahi kuwa na karatasi juu yake. Baada ya 1994 familia za Rwanda zilipokea watoto wa wengine kwa maelfu bila kuuliza sheria inasemaje, na bila ukarimu huo nchi ingeshindwa kabisa kuwatunza. Ukarimu huo hata hivyo uliacha kizazi kizima ambacho uhusiano wake na waliokilea haukuandikwa, na sasa watoto wa kizazi hicho ndio wanaohitaji mlezi athibitishwe.

Kwa upande wa watoto wenyewe hali imekuwa nyepesi. Tangu Agosti 2020, kufuatia marekebisho ya sheria yaliyofanywa Februari mwaka huo, mtoto anayezaliwa katika kituo cha afya huandikishwa hapohapo katika mfumo wa taifa wa kielektroniki, na cheti chake hupatikana kupitia Irembo, lango la huduma za serikali la mtandaoni lililoanza mwaka 2015. Vifo navyo viliingizwa katika mfumo huo. Lakini mtu anayefia nyumbani kijijini huzikwa, huliliwa, na kwa wengi habari yake huishia hapo, kwa kuwa kuandikisha kifo hakumpi aliyebaki faida anayoiona, tofauti na kuandikisha uzazi. Mlezi anayesema kwamba wazazi wote wawili wamefariki lazima athibitishe vifo viwili, na mara nyingi cheti cha kifo ndicho kinachokosekana katika jalada, hata pale cheti cha kuzaliwa kinapokuwepo.

Baada ya cheti cha ulezi kupatikana, mengine hayana ugumu mkubwa. Ombi la pasipoti hufanywa kupitia Irembo, na asiye na simu ya kisasa husaidiwa na mawakala, ambao wamo hadi katika vituo vidogo vya biashara vya vijijini. Malipo hufanywa kwa simu. Jalada huwa na picha ya mtoto, cheti chake cha kuzaliwa, kitambulisho cha anayeomba, barua ya ridhaa na uthibitisho wa ulezi. Na uamuzi hutolewa na Kurugenzi Kuu ya Uhamiaji. Walalamikaji wengi huielekezea kurugenzi hiyo lawama ya kucheleweshwa, ingawa, kwa haki, ni sehemu ndogo tu ya ucheleweshaji huo inayotokea huko, maana ofisi ya pasipoti haimteui mlezi wala haiwezi kumkubali kwa huruma.

Kundi linalotaabika kuliko yote ni la watoto ambao mzazi wao mmoja au wote wako hai lakini hawapo. Yatima kamili, kwa ukatili wa mantiki ya sheria, ana njia iliyonyooka zaidi kuliko mtoto ambaye baba yake alivuka kwenda Masisi kutafuta kazi na hajasikika kwa miaka minne, au ambaye mama yake alimwacha kwa bibi akaenda kuolewa mkoa mwingine. Mamlaka ya mzazi hayafi kwa mzazi kutoonekana. Akijulikana alipo, huombwa ridhaa iliyothibitishwa na noteri, na katika Rwanda hilo si ghali wala mbali, kwa kuwa katibu mtendaji wa tarafa ana mamlaka ya unoteri. Asipojulikana alipo, au akikataa bila sababu, familia inabakiwa na mahakama, ambayo itaombwa kuamua kwamba mzazi ameshindwa kutekeleza mamlaka yake na kwamba maslahi ya mtoto yanadai mtu mwingine akabidhiwe. Kwa mkulima wa viazi, kesi ya namna hiyo ni siku za kazi zilizopotea na nauli za kwenda Gisenyi, na si ajabu wengi huiacha safari yenyewe. Sheria hapa inamlinda mzazi asiyekuwepo kwa gharama ya mlezi aliyepo, na ingawa sababu zake ni nzuri, uzito wake umeangukia upande wa maskini.

Sababu hizo zinastahili kuelezwa kwa haki. Mtoto aliyevushwa mpaka na mtu asiye na haki naye hupotea kwa namna ambayo ni vigumu sana kuirekebisha, kwa kuwa mahakama ya nchi alikotoka haina nguvu kule aliko. Marekani, nchi isiyojulikana kwa upole wa urasimu, ilianza Julai 2001 kudai ridhaa ya wazazi wote wawili kabla ya kumpa pasipoti mtoto mdogo, kisha ikauweka umri huo kuwa chini ya miaka 16, na mlezi hudaiwa amri ya mahakama. Rwanda ilikuwa na hofu yake ya karibu zaidi. Mwaka 2010 ilisimamisha watoto wake kuasiliwa na wageni hadi itakapojiunga na Mkataba wa The Hague wa 1993 kuhusu kuasili kati ya nchi na nchi, mkataba ulioanza kuifunga tarehe 1 Julai 2012. Na mwaka 2018 ilitunga sheria mahsusi dhidi ya biashara ya binadamu, namba 51/2018. Mtu angeweza kuikwepa sheria ya kuasili kwa kujiita mlezi, kumchukulia mtoto pasipoti na kuondoka naye, na ukali wa jalada la pasipoti ndio unaoziba mwanya huo.

Mabadiliko makubwa katika malezi yenyewe yalitokea wakati huohuo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 na wizara ya familia pamoja na shirika la Hope and Homes for Children ulikuta watoto na vijana 3,323 katika vituo 33, na mwezi Machi mwaka huo Baraza la Mawaziri likapitisha mkakati wa kuwarudisha katika familia, ambao ulitekelezwa kwa mpango uitwao Tubarerere mu Muryango, yaani tuwalee katika familia. Watoto walipelekwa kwa jamaa zao, na wasio na jamaa wakapelekwa kwa wazazi wa kambo waitwao Malayika Murinzi, yaani malaika walinzi, huku kila kijiji kikipewa watu wawili wa kujitolea, mwanamume na mwanamke, waitwao Inshuti z'Umuryango, marafiki wa familia, wafuatilie hali ya watoto. Mpango huo umesifiwa barani kote na unastahili sifa. Kwa suala la pasipoti, hata hivyo, uliongeza tofauti moja ambayo wananchi huichanganya, maana Malayika Murinzi amekabidhiwa malezi, na kukabidhiwa malezi hakumfanyi kuwa mlezi wa kisheria, sembuse mzazi wa kuasili. Aliyeasili kikamilifu amekuwa mzazi na huomba kama mzazi; mlezi wa kisheria huomba kwa cheti chake; Malayika Murinzi anayetaka kumpeleka mtoto nje ya nchi hana budi kurudi kwa mamlaka zilizomkabidhi, ambazo kitaifa leo ni Wakala wa Taifa wa Maendeleo ya Mtoto, ulioanzishwa mwaka 2020.

Si kila safari ya mtoto wa Mudende inahitaji pasipoti, na hapa jiografia ya Rubavu ina mambo yake. Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, iliyoundwa na Rwanda, Burundi na Zaire ya wakati ule, ilitiwa sahihi hapohapo Gisenyi tarehe 20 Septemba 1976, na kutokana nayo watu wa mpakani walizoea hati maalumu nyepesi za kuvukia kwenda Goma. Wachuuzi wa kila siku wakawa wanavuka kwenye kivuko cha mpaka cha Petite Barrière kwa karatasi ndogo iitwayo jeto. Kabla ya mpaka kufungwa kwa sababu ya korona mwaka 2020, makumi ya maelfu ya watu walipita hapo kila siku, wengi wao wanawake wenye mboga na maziwa. Upande mwingine, tangu Januari 2014 raia wa Rwanda, Uganda na Kenya wamekuwa wakitembeleana kwa kitambulisho cha taifa, na Kongo nayo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Mtoto lakini hukaa nje ya wepesi huo, kwa sababu indangamuntu, kitambulisho cha taifa, hutolewa mtu anapofikisha miaka 16. Mlezi anaweza kwenda Kampala kwa kadi iliyomo mfukoni, na mtoto wa miaka tisa aliye naye akahitaji hati ya kusafiria na ushahidi wa nani anamsindikiza. Ndiyo maana walezi wengi hugundua upungufu wa karatasi zao katika safari ya basi, kabla ya kufikiria ndege.

Kuna pia watoto ambao hata mlezi mwenye hati kamili hawezi kuwaombea pasipoti ya Rwanda. Ulezi haubadilishi uraia. Mnyarwanda wa Mudende aliyemchukua mtoto wa mkimbizi wa Kongo, akapewa ulezi wake kwa njia zote zilizonyooka, bado analea mtoto asiye Mnyarwanda, na ubalozi wa nchi ambayo wazazi wa mtoto waliikimbia si mahali pa kumpeleka akaombe ulinzi. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, katika ibara yake ya 28, unaitaka nchi inayomhifadhi mkimbizi kihalali impe hati ya kusafiria, ambayo humruhusu kwenda nchi nyingine na kurudi, isipokuwa nchi aliyoikimbia. Njia ya mtoto huyo hupitia wizara inayoshughulikia wakimbizi na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, na kwa mtoto aliyetengana na wazazi hufanywa kwanza tathmini ya maslahi yake bora, ili ijulikane kama safari hiyo inamfaa na kama kweli hana mzazi anayemtafuta. Watoto wa walionusurika Mudende mwaka 1997 walikulia Gihembe chini ya utaratibu huo hadi kambi hiyo ilipofungwa mwaka 2021 na wakazi wake kupelekwa kambi ya Mahama. Baadhi ya familia zilikuwa tayari zimehamishiwa Marekani, na walezi wa watoto wasio wao walilazimika kuthibitishwa kabla ya ndege kuondoka. Mtoto aliyeokotwa nchini na ambaye wazazi wake hawajulikani yuko katika hali tofauti kabisa, kwa kuwa sheria ya uraia humhesabu kuwa Mnyarwanda, na mlezi wake akipatikana kisheria humwombea pasipoti kama mtoto mwingine yeyote.

Hata pasipoti ikishatoka, hati ya ulezi haiwekwi kabatini. Pasipoti humtambulisha mtoto na haisemi ni nani mwenye haki naye, kwa hiyo ubalozi unaotoa viza, shirika la ndege na afisa wa uhamiaji wa nchi ya mwisho wanaweza kila mmoja kudai kuiona, na kudai vilevile ridhaa ya maandishi ya mzazi aliye hai. Zamani karatasi ya tarafa ya Rwanda ililazimika kupita kwa wizara na ubalozi, muhuri juu ya muhuri, ndipo ikubalike Ulaya. Tangu tarehe 5 Juni 2024 Rwanda imekuwa mwanachama wa mkataba wa The Hague wa 1961 unaofuta msururu huo, na hati yake rasmi huweza kubandikwa cheti kimoja cha uthibitisho, kiitwacho apostili, kinachotambuliwa na nchi zote wanachama ambazo hazijapinga Rwanda kujiunga. Mwenye safari ya mbali anaweza kunufaika nacho. Kongo haimo katika mkataba huo, na anayemvusha mtoto kwenda Goma bado atahitaji karatasi ambayo afisa wa Petite Barrière anaitambua kwa macho.